Nimeipanda! Trampolini ya Mashindano kwa Mara ya Kwanza

Hukumu naitoa hapa hapa juu, maana kuibana kifuani hadi mwisho siwezi: trampolini kubwa ya mashindano, ile ya mstatili mnayoiona kwenye Olimpiki, ndicho chombo cha michezo kilichonifurahisha kuliko vyote nilivyowahi kuvigusa. Haina injini. Haina betri. Haina hata kitufe kimoja cha kubonyeza. Ni chuma, springi na wavu, basi! Lakini ukishaipanda inakupa kitu ambacho baiskeli haikupi, bwawa la kuogelea halikupi, na uwanja wa mpira haukupi hata ukiruka kupiga kichwa mara mia: inakupa muda wa kukaa hewani. Muda wa kweli, wa kupimwa kwa saa, wa kutosha kufanya jambo kabla hujarudi chini.

Miaka mingi nimeitazama kwenye televisheni tu, nikisubiri Olimpiki ifike ndipo nikae macho hadi usiku wa manane. Sasa zamu yangu imefika. Nilikuwa Uingereza, nchi ya Bryony Page aliyenyakua dhahabu ya wanawake mjini Paris mwaka 2024, na mwenyeji wangu alijua ukumbi wa jimnastiki unaopokea watu wazima wanaoanza. Kocha wa jioni ile akawa kijana wa Mombasa. Furaha iliyoje: chombo ninachokipenda, na maelekezo yake kwa Kiswahili!

Itazame kwanza

Picha haziitendei haki. Kwenye skrini huonekana ndogo, kwa kuwa macho yote yanamfuata aliye juu. Ukisimama kando yake ndipo unapoduwaa. Fremu ina urefu wa zaidi ya mita 5 na upana unaokaribia mita 3, nayo imeinuka mita 1.155 kutoka sakafuni. Kimo hicho kina kazi. Bingwa akitua kwa kasi yake yote, wavu unazama sana, na chini yake lazima ibaki nafasi ya kutosha asiguse sakafu.

Wavu wenyewe una mita 4.28 kwa 2.14. Nikauinamia, pua karibu iuguse. Jamani, hili si turubai! Ni utepe mweupe wa nailoni, mwembamba, upana wake milimita chache tu, uliofumwa kwenda na kurudi, na kati ya utepe na utepe pana tundu. Nikapitisha mkono chini, nikaviona vidole vyangu kwa juu. Matundu hayo ndiyo siri ya chombo chote. Kitambaa kilichozibwa kingelazimika kuisukuma hewa kila kinaposhuka na kupanda, na hewa ingekula sehemu ya nguvu. Wavu huu unaiacha hewa ipite zake, nguvu ibaki kwa anayeruka.

Kuuzunguka wavu kuna springi za chuma, zaidi ya mia moja, zimepangwa bega kwa bega pande zote nne. Nikajaribu kuivuta moja kwa mkono. Haikusogea hata kidogo! Kocha akanionyesha namna ndoano zake zinavyoelekezwa chini ili zisimnase mtu nguo wala kidole, akasema kila siku kabla ya mazoezi huzipitia moja moja. Juu ya springi na fremu kuna mito minene ya kufunika, na kwenye ncha mbili kuna majukwaa yenye magodoro, endapo mtu ataponyoka. Katikati ya wavu pamewekwa msalaba mwekundu, na kuuzunguka, mstatili wa mistari myekundu wenye mita 2.15 kwa 1.08. Hapo pa msalaba ndipo nyumbani. Kila hatua unayoachana napo, katika mashindano, inakugharimu.

Na mwisho wa siku dude lote hili linakunjwa! Ncha zake mbili zinakunjwa kuelekea katikati, linapachikwa magurudumu, watu wawili watatu wanalisukuma hadi ukutani, na ukumbi unabaki mtupu kwa ajili ya mchezo mwingine. Nilisimama kuangalia hadi likafungwa.

Hatua ya kwanza juu ya wavu

Kupanda tu ni tukio. Wavu unazama chini ya kila unyayo, na ukiegemea upande mmoja, wote unaitika. Mwili unayumba, mikono inatafuta pa kushika, na macho yanakimbilia chini kuangalia kulikoni.

“Dada, usiangalie miguu,” kocha akasema. “Tia macho pale ukingoni mwa wavu, mbele yako. Yasibanduke.”

Nikayatia. Papo hapo mwili ukanyooka! Ni jambo dogo mno kulisema, lakini ndilo msingi wa kila kitu kinachofuata: kichwa kikitulia, mgongo unatulia, na mgongo ukitulia, wavu unakurusha juu wima badala ya kukutupa pembeni.

Nilipenda kwamba somo la kwanza halikuwa kuruka. Lilikuwa kusimama. Unapotua unakunja magoti na nyonga, unaupokea wavu badala ya kuusukuma, na mruko unakufa pale pale chini ya miguu yako. Kocha anaita “Simama!” bila onyo, popote ulipofika, nawe unasimama. Ukishaweza hilo, hofu inakutoka, maana sasa unajua breki iko wapi.

Kisha mikono. Unaposhuka, mikono inapita kando ya mapaja. Wavu unapoanza kukurudisha, inapanda mbele ya uso hadi juu ya kichwa. Miguu inatua ikiwa imeachana kwa upana wa mabega, hewani inaungana, vidole vimenyooshwa. Polepole, tena, tena. Na ghafla vyote vikakubaliana! Wavu ukazama, springi zikaguna, uzito wangu wote ukajaa magotini kwa kitambo kifupi kabisa, halafu nikaondoka. Ndilo neno lenyewe: nikaondoka. Sikuhisi nimeruka. Nilihisi nimepelekwa.

Hapa niwaambie jambo ambalo wengi hawalijui. Watu hudhani uzito hupotea pale kileleni tu, kwenye ile nukta ya kugeuka. Sivyo! Tangu nyayo ziachane na wavu hadi ziuguse tena, ukipanda na ukishuka, hakuna kinachokushikilia, kwa hiyo huhisi uzito wowote njia nzima. Kileleni kinachopotea ni mwendo. Ndiyo maana tumbo linacheka tangu mwanzo wa safari, na ndiyo maana mtoto akipanda trampolini hucheka kabla hajafika juu.

Sasa tuweke hesabu, maana hesabu zake ni tamu. Ukiruka sentimita 30 kutoka sakafuni, na wengi wetu tunaishia hapo hapo, uko hewani kwa nusu sekunde. Nusu sekunde haitoshi kufanya lolote, unaruka, umetua. Juu ya wavu, ukipanda mita 1.2 hivi, unapata sekunde nzima. Mara mbili! Na mabingwa wa kiume hukaa hewani karibu sekunde 1.8 kwa kila mruko, maana yake miguu yao inaupita wavu kwa karibu mita 4, na ukijumlisha kimo cha fremu na kimo cha mtu mwenyewe, kichwa chake kinakaribia mita 7 kutoka sakafuni. Kumbi zenye dari ya chini haziwezi kuwapokea hawa.

Na sekunde moja, mkishaipata, mtashangaa ilivyo pana. Kocha akanifundisha kutua kwa makalio: miguu imenyooka mbele, mgongo wima, viganja vimewekwa kando ya nyonga na vidole vikielekea miguuni. Ukiketi hivyo wavu unakuinua mwenyewe hadi unasimama. Baada ya hapo kuna kuketi, kupanda, kugeuka nusu ukiwa hewani, na kuketi tena ukiangalia ulikotoka. Ukiona mtu akifanya, utaapa kwamba ni kiinimacho. Ukifanya wewe, unagundua kwamba nafasi ipo tele. Unaanza kugeuza nyonga, unafikiri, unamaliza, na bado hujafika chini.

Kazi ni yako, wavu unarudisha

Wanaodhani trampolini inamrusha mtu bure waipande wakaone. Kaza miguu usifanye kitu, na kila mruko utakuwa mfupi kuliko uliotangulia hadi usimame wima umetulia. Springi hazina nguvu ya kwao. Zinapokea ulichozipa, zinavutika, zinarudisha, na kidogo kinapotea njiani kama joto na sauti. Unachofanya wewe ni kuongeza chako kila ukifika chini: kusukuma kwa miguu wakati wavu umezama kabisa, si kabla, si baada. Ukisukuma mapema umekanyaga hewa. Ukichelewa wavu umeshakuacha. Ukiipata nukta yenyewe, mchango wa mruko huu unajumlishwa na wa uliopita, na wa uliopita na wa kabla yake, unapanda ngazi kwa ngazi bila kuona ngazi.

Nilitoka nimelowa jasho, mapaja yanatetemeka, na tumbo likiuma kwa kazi. Na bado magoti hayakulalamika! Hilo nalo lina maelezo. Mwaka 1980 watafiti walioshirikiana na NASA walichapisha matokeo ya kuwapima vijana wanane wa kiume wakikimbia na wakiruka trampolini. Katika kukimbia, mshtuko kwenye kifundo cha mguu ulizidi mara mbili ule wa mgongoni na kichwani. Katika trampolini mshtuko uligawanyika karibu sawa mwili mzima. Wavu unachukua muda mrefu kukusimamisha, na anayesimamishwa polepole haumii kama anayesimamishwa kwa ghafla. Muda tena! Kila nikiigeuza trampolini huku na huku, nakuta jibu ni muda.

Kijana wa Iowa aliyekataa mchezo uishie wavuni

Kurushana juu ni jambo la kale. Huko Alaska, Wainupiat hushika ngozi za sili kwa mikono mingi, wakazikaza kwa pamoja na kumrusha mtu juu sana katika Nalukataq, sherehe yao ya kushukuru kwa uwindaji wa nyangumi uliofanikiwa. Lakini chombo hiki cha chuma na springi kina mwenyewe, na hadithi yake naipenda mno.

George Nissen alizaliwa mwaka 1914 huko Iowa, Marekani. Alipokuwa kijana alikwenda kutazama sarakasi, akawaona wale wa bembea za juu wakimaliza onyesho kwa kujiachia waanguke kwenye wavu wa usalama, na wavu ukiwadundisha kidogo kabla ya kushuka. Umati ulipiga makofi, mchezo ukaisha. Nissen akabaki na swali: kwa nini uishie hapo? Kwa nini ule mdundo wa mwisho usiwe ndio mwanzo wa mchezo wenyewe? Wengine wote waliona namna ya kumwokoa mtu anayeanguka. Yeye aliona muda wa hewani unaopotea bure!

Akaanza kuunda chake katika gereji ya wazazi wake. Baadaye, katikati ya miaka ya 1930, akiwa mwanajimnastiki wa Chuo Kikuu cha Iowa, alishirikiana na Larry Griswold kuunda chombo kilichofanya kazi kweli: fremu ya chuma, turubai lililotobolewa pembezoni, na springi za kulivuta. Jina alilipata Mexico mwaka 1937 alipokuwa akizunguka na kikundi cha maonyesho. Kihispania huita ubao wa kupigia mbizi trampolín. Nissen akaongeza herufi moja mwishoni, akalisajili kama nembo ya biashara yake, na kwa miaka mingi washindani wake walilazimika kutafuta majina mengine marefu yasiyoshika ulimini. Mwaka 1942 yeye na Griswold walifungua kampuni, na mwaka 1945 akapewa hataza.

Vita Vikuu vya Pili vilipokuja, Jeshi la Wanamaji la Marekani likaichukua trampolini kufundishia marubani. Fikirieni uzuri wa wazo hilo! Rubani anahitaji kujua juu ni wapi na chini ni wapi hata ndege ikipinduka, na darasa la kumfundisha hilo bila kumpandisha ndege lilikuwa wavu, springi na sekunde moja ya kupoteza na kuipata tena ardhi. Baada ya vita ikaingia pia katika mazoezi ya wanaanga.

Nissen naye hakuchoka kuitangaza. Karibu mwaka 1960 alikodi kangaruu, akaenda naye Central Park mjini New York, wakapigwa picha wakiruka pamoja, uso kwa uso, wote wawili hewani. Itafuteni picha hiyo. Ni tangazo la furaha tupu! Mwaka 1964 London ikaandaa mashindano ya kwanza ya dunia katika Royal Albert Hall, na mwaka 2000 mchezo ukaingia Olimpiki ya Sydney. Nissen aliishi kuyaona yote hayo. Alifariki mwaka 2010 akiwa na miaka 96.

Sekunde zinapogeuka alama

Nilipokwisha kuupanda wavu, nikarudi kuwatazama mabingwa kwa macho mapya, na sasa siwezi kukaa kitini. Mchezaji anapewa mitindo kumi mfululizo, bila mruko wa kupumzika katikati: samasoti mbili, samasoti tatu, zenye misokoto ya mwili ndani yake, akiwa amejikunja, amejipinda kiunoni au amenyooka wima. Kila mtindo uwe tofauti na mwingine. Baada ya wa kumi anatakiwa asimame tuli kama sekunde tatu. Yeye ambaye sekunde moja nyuma alikuwa ghorofa ya pili! Mimi niliyefundishwa kusimama kabla ya kuruka, hapo ndipo ninapompigia makofi kuliko kote.

Alama zinatoka sehemu nne: usafi wa mitindo, ugumu wake, kubaki karibu na msalaba, na, jambo ninalolipenda kuliko yote, muda wa kukaa hewani. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 mitambo hupima muda huo na kuujumlisha kwenye alama moja kwa moja. Wanaume bora hukusanya takribani sekunde 17 hadi 18 katika mitindo kumi. Kila sehemu ya kumi ya sekunde inahesabika, na ni lazima ipatikane huku mchezaji akizunguka mara tatu na kubaki katikati ya wavu.

Kwa nini mitambo inafaa? Kwa sababu macho ya binadamu yana kikomo, na mchezo huu una kasi ya kutisha. Katika mashindano ya dunia ya mwaka 2001 nchini Denmark, Irina Karavaeva wa Urusi, bingwa wa Sydney, alitangazwa mshindi. Ikabainika hesabu ya waamuzi ilikuwa na kosa. Karavaeva akaichukua medali yake ya dhahabu akampa Anna Dogonadze wa Ujerumani, na baadaye matokeo yakarekebishwa rasmi. Miaka mitatu baadaye, Athens, Dogonadze akatwaa dhahabu ya Olimpiki. Mchezo unaolea watu wa namna hii unastahili vipimo vilivyo safi kama wao.

Na watazameni waliofuata! Rosie MacLennan wa Kanada alishinda London 2012 na akarudia Rio 2016. Ivan Litvinovich, mzaliwa wa Belarus, alishinda Tokyo na kisha Paris. Page alipitia fedha ya Rio na shaba ya Tokyo kabla ya kuifikia dhahabu. Mtu huhitaji miaka mingi kuzijaza sekunde zile kumi na kitu.

Ndugu zake wengi

Wasomaji wengi mnaijua trampolini ya duara, ile inayofungwa kwenye viwanja vya watoto Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa, hasa siku za Idi na Krismasi, watoto wamepanga foleni wakiwa wameshika viatu mkononi. Ni ndugu halali, lakini tabia zake ni nyingine. Turubai lake limefumwa kwa kubana zaidi, springi zake ni laini zaidi, na umbo la duara humvuta kila mtu katikati. Raha ipo, kimo hakipo, na ndivyo inavyotakiwa iwe kwa mtoto. Ndogo zaidi, ile ya kukanyagia chumbani, hutumika kwa mazoezi mepesi, miguu ikiachana na turubai kidogo tu.

Na jina limetembea kuliko chombo. Ukipanda katamarani, wavu uliotandazwa kati ya vyombo vyake viwili, ule ambao abiria hulala juu yake wakiangalia maji chini, nao huitwa trampolini. Hata waandishi wa programu za kompyuta wanayo yao: badala ya kazi moja kuiita nyingine ndani yake, nayo nyingine, hadi kumbukumbu ya mashine ijae, kila kazi inarudi kwanza chini, kisha inarushwa inayofuata. Hakuna kinacholundikana. Kupokea, kurudisha, kurusha upya: wameielewa sawasawa!

Hapa tusikilizane vizuri

Chombo hiki nakipenda, na kwa kuwa nakipenda nasema bila kuficha: kinaumiza wanaokidharau. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kimeonya kwa miaka mingi dhidi ya kuachia watoto trampolini za nyumbani kwa mchezo huria, na sababu kubwa inajulikana. Takribani robo tatu ya majeraha hutokea watu zaidi ya mmoja wakiruka kwa pamoja, na mdogo ndiye anayeumia.

Elewa kwa nini, hutasahau. Mkubwa akitua, wavu unazama kwa uzito wake kisha unapanda kwa nguvu. Mtoto mwepesi akifika chini wakati huo huo wavu unapanda, hakutani na kitu laini; anakutana na kitu kigumu kinachomjia kwa kasi, halafu kinamrusha kimo ambacho hakukiomba. Miguu midogo huvunjika hivyo. Kwa hiyo sheria ya kwanza ni mmoja mmoja, hata kama wanalia. Ya pili, samasoti ni kwa mwenye kocha tu, kwa kuwa kutua kwa shingo hakuna dawa. Ya tatu, springi zifunikwe, na mtu mzima asimame pale akitazama watoto, si simu.

Ukumbini kwetu hizo hazikuwa kauli za ukutani. Kocha aliposogea pembeni kumjibu mtu, aliniita nishuke kwanza. Nikashuka. Hakuna aliyeruka pasipo jicho lake.

Alama, na ombi

Kwa ufundi: kumi juu ya kumi, maana nimeangalia kila kona na sijaona kipande kisicho na kazi. Kwa raha: kumi, na ningeongeza kama ningeruhusiwa. Kwa mazoezi: kumi, mapaja yangu ni mashahidi. Kwa anayetaka ya kuweka uani, hii siyo. Bei yake, ukubwa wake na dari inayohitaji ni mambo ya ukumbi na klabu. Na hapo ndipo nina ombi.

Wanasarakasi wa Kenya na Tanzania wanajulikana katika majukwaa ya sarakasi ya dunia. Wengi wao samasoti walijifunza wapi? Kwenye mchanga wa ufukweni, kwenye nyasi za uwanja wa shule, kwenye tairi lililochimbiwa nusu ardhini. Walijifunza kwa ile nusu sekunde ya kuruka kutoka chini, na ndani ya nusu sekunde hiyo wakatia mzunguko mzima! Sasa wapeni vijana hao sekunde moja na nusu. Wapeni wavu mmoja wa mita 4.28 kwa 2.14, kocha aliyefunzwa, magodoro, na dari ndefu. Vyama vya jimnastiki, halmashauri zinazojenga kumbi, vyuo vyenye idara za michezo: mnapoandika orodha ya vifaa, iandikeni trampolini ya mashindano kwenye mstari wa kwanza. Na wewe msomaji, ukijikuta katika mji wenye ukumbi unaopokea wanaoanza, vaa soksi, panda, tia macho ukingoni, na umwambie kocha akuanzishie kwa kusimama.